Hotpoti ya nyumbani, sahani ya mama ntilie au chungu cha mchango: ukiwa kazini Tanga mchana ule wapi?

Kuna mwezi nilikaa nikajumlisha hela ya chakula cha mchana tu, sio chai ya asubuhi wala nauli, ikaja 78,000. Nikarudia nikidhani nimekosea, ikaja ileile. Nafanya kazi kwenye ofisi ya watu saba hapa mjini maeneo ya Posta, nakaa Makorora, tunaingia Jumatatu mpaka Jumamosi yaani siku 26 kwa mwezi, na kila siku nilikuwa natoa 2,500 ya sahani na 500 ya maji au juisi, hela ndogondogo ambazo huzioni zikitoka. Tangu hapo nimejaribu njia tatu, kila moja kwa miezi kadhaa, na kwa kuwa watu wananiuliza ipi nzuri na mi siwezi kujibu kwa neno moja, acha nizipange zote hapa afu we mwenyewe uangalie maisha yako yanaangukia wapi.

Tunapima nini

Kwanza hela, lakini hela yote, pamoja na jasho la anaepika, maana wengi wanahesabu mchele na maharage wanamsahau mtu alieamka saa kumi na moja alfajiri. Pili mwili: mboga za majani zipo, tunda lipo, chumvi na mafuta yakoje. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, ndo kama kijiko kimoja cha chai, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga, kwaiyo mchana ukipita na vipande viwili vya nyanya juu ya chipsi ujue deni lako lote linasubiri usiku. Tatu muda na usumbufu. Nne kuharibika, na kwa joto la hapa, hasa miezi ya kaskazi, hili sio jambo dogo. Tano watu, yaani unakula na nani.

Bei ni za pale ninaponunua na kula mimi, we weka zako.

Na kuna njia ya nne ambayo siipimi, ya yule anaeshinda na maandazi mawili na soda. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, kama vijiko vinane au tisa vya chai, afu saa kumi jioni anauliza mbona kichwa kinauma. Huyo achague yoyote kati ya hizi tatu, atakuwa amesogea.

HOTPOTI YA NYUMBANI

Hela. Hapa ndo watu wanadanganyana sana, utasikia "ukibeba chakula unatumia mia tano tu". Mia tano ya wapi? Tupige hesabu ya wali, maharage na mchicha. Kilo ya mchele 2,800 natoa sahani saba, kwaiyo 400. Maharage ya mtu mmoja 250. Nazi ya elfu moja inaunga sufuria ya watu wanne, 250. Mchicha 150, kitunguu nyanya mafuta na chumvi 200, mkaa 200, chungwa 150. Jumla 1,600, mara siku 26 ni 41,600. Ukilinganisha na ile 78,000 unabaki na 36,400 kwa mwezi, na hiyo ni hela kweli, ila sio ule utajiri tunaohadithiwa. Hotpoti yenyewe nilinunua 25,000 pale Ngamiani, kwaiyo siku 18 za mwanzo nilikuwa nalipia hotpoti.

Sasa ongeza mpishi. Mi miezi miwili ya mwanzo nilijisifu ofisini kwamba nabeba chakula, kumbe anaepika ni mdogo wangu wa kike, nae yuko chuo, ana mitihani, anaamka saa kumi na moja kuwasha jiko kwa ajili yangu. Siku alipoenda kwa mama Muheza wiki nzima, nikabeba mara moja tu. Pale ndo nikaelewa nilikuwa naokoa kwa kutumia usingizi wa mtu mwingine. Kama wewe ni mume na unasema kubeba ni bure, muulize mkeo.

Kilichonisaidia ni kuacha kupika kila kitu asubuhi. Maharage yanachemshwa Jumapili sufuria kubwa, yanagawanywa kwenye vibakuli yanaingia friza, usiku nashusha kibakuli kimoja kwenye friji, asubuhi ni kuunga tu na kupika wali kidogo. Dakika arobaini zikashuka zikawa kama ishirini.

Mwili. Hapa hotpoti haina mpinzani, kwa sharti moja, kwamba unaweka unachotakiwa kuweka. Chumvi unaishika mwenyewe, mafuta unayaona yakiingia. Unaweza kufanya nusu ya chombo iwe mboga, robo wali au ugali wa dona, robo maharage au samaki. Mi huwa natia na chungwa kwa makusudi, vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, wakati chai ya rangi ukiinywa hapohapo na chakula inafanya kinyume chake. Msimu wa machungwa ya Muheza huna hata kisingizio.

Ila tusemezane ukweli watu wa Tanga, sisi hata maji yangekubali tungeyaunga nazi. Wali wa nazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, vyote chombo kimoja! Tui la kwanza lina mafuta mazito, chagua kimoja kiwe na nazi vingine vipumzike.

Muda. Nimeshasema, ukipanga usiku ni dakika ishirini, usipopanga hubebi. Na kuna kuosha, hotpoti iliyokaa na masalia ya samaki mpaka jioni ukiifungua nyumbani utajuta.

Kuharibika. Hili nataka nikae nalo kidogo maana nimelipia. Siku moja nilipika wali wa nazi usiku, nikauacha kwenye sufuria mpaka asubuhi, nikaupasha juujuu nikafunga. Saa saba nafungua, harufu ile ya uchachu ikanipiga usoni, na wali unavuta nyuzi. Nikashinda na njaa na aibu juu. Kanuni wanayotoa wataalamu ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili bila kuwa cha moto kweli, nyuzijoto 60 za Selsiasi kwenda juu, au baridi ya friji, chini ya nyuzijoto 5. Kile cha vuguvugu ndo hatari. Na wali una ubaya wake wa peke yake: kuna bakteria ambao mbegu zao zinavumilia kupikwa, wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na kuna aina ya hiyo sumu ambayo haifi hata uupashe upya mpaka uchemke. Kwaiyo ile "ntaupasha tu" sio dawa.

Nnavyofanya sasa: asubuhi namimina maji yanayochemka kwenye hotpoti, nafunika, naacha kama dakika kumi wakati naunga maharage, nayamwaga, natia chakula kikiwa kinatoa moshi moja kwa moja toka jikoni, tena najaza, maana ikibaki nusu tupu inapoa haraka. Natoka nyumbani saa moja na nusu, saa saba chakula bado cha moto, sio vuguvugu. Kontena la plastiki la kawaida haliwezi kazi hiyo, hilo bebea vitu vikavu kama chapati. Na mchuzi usiuamini. Mi nilining'iniza mfuko kwenye usukani wa baiskeli, kufika mataa mchuzi wa samaki uko kwenye sketi, kwenye mkoba, na kwenye fomu za mteja ambazo ilibidi nikaombe upya huku nanuka bizari.

Watu. Nani asiejua kwamba hapa kwetu huwezi kufungua chakula ukakaa kimya? Lazima useme karibuni, na wapo wanaojibu "asante nimeshiba" na wapo wanaovuta kiti. Kuna kaka mmoja ofisini anakuja na kijiko chake mwenyewe. Kwaiyo hesabu yangu ya 1,600 ongeza chapati mbili za karibuni, vinginevyo utakula nusu au utakula umejificha stoo kama mchawi.

SAHANI YA MAMA NTILIE

Hela. 78,000 kwa mwezi kwa mtindo wangu. Inashuka ukiacha juisi na ukabeba maji yako, hapo ni 65,000. Na ina faida ambayo hotpoti haina, daftari. Tarehe 20 mfuko umekauka, mama anaandika, unakula, mshahara ukitoka unalipa. Kwa anaelipwa mwisho wa mwezi hiyo ni huduma kubwa. Ubaya wake ni kwamba kwenye daftari ulimi unakuwa mrefu, mtu anaekula maharage kwa pesa taslimu akianza kukopa anakula kuku.

Mwili. Inategemea mama. Yule wetu wa chini ya mti wa mkungu anatoa mchicha kila siku bila kuongeza bei, ukiomba uongezewe anaongeza. Mwingine mtaa wa pili sahani ni mlima wa wali na kijani cha kuhesabu. Chumvi huwezi kuiona mpaka iko mdomoni. Vya kukaanga angalia mafuta, yakiwa meusi na yanatoa povu ujue yameshakaanga ya jana na ya juzi. Ila mama ntilie anakupa chakula ambacho nyumbani hutakipika siku ya kazi hata uapizwe: bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa nazi, kisamvu kilichotwangwa kikatwangika. Mi mwenyewe mara ya mwisho kutwanga kisamvu sikumbuki.

Na kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaifikirii, bebeni mboga na tunda nyumbani, pale kwa mama nunueni wali na maharage tu. Hakuna mama nliemuona anakasirika.

Muda. Hupiki, huoshi. Unatembea, unapanga foleni, na ukichelewa Ijumaa baada ya swala pilau imeisha.

Kuharibika. Hapa watu wa hotpoti tunajikuta tunaona haya, maana chakula cha mama ntilie kinatoka jikoni kinaingia sahanini, hakijasafiri masaa sita kwenye mkoba. Mama anaepika asubuhi, anafunika vyungu vibaki vya moto, ana ndoo ya maji ya kunawa yenye bomba na sabuni, chakula chake kinaweza kuwa salama kuliko changu. Anaeacha mboga wazi nzi wanatua, au anaesuuzia sahani kwenye beseni moja tangu saa nne, huyo mpite hata kama ni bei chee. Ukitaka kuondoka nacho nenda na bakuli lako la mfuniko, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na kifungashio unalipia, afu bakuli likiwa kubwa mkono wa mama nao unakuwa mkubwa, sijui kwanini.

Watu. Pale kwenye benchi nimepata fundi wa friji, nimejua kiwanja kinachouzwa Pongwe, nimeletewa hata mchumba ingawa hilo tuliache. Hotpoti haijawahi kuniletea habari yoyote.

CHUNGU CHA MCHANGO

Hii inajulikana kidogo. Ofisi au duka mnachanga hela ya wiki, mnampa mama mmoja wa jirani, anawapikia nyinyi tu na kuwaletea. Sisi tulikuwa saba, kila mmoja 12,000 kila Jumatatu, jumla 84,000 kwa siku sita. Mama tulimpa 25,000 na yeye na mwanae wanakula hapohapo, 59,000 ikaenda kwenye vitu na mkaa.

Hela. Sahani inakuja 2,000, kwa mwezi 52,000. Iko katikati, na mpishi amelipwa, hilo napenda kulisema. Ubaya, ukisafiri au ukiumwa hela yako imeshaliwa.

Mwili. Nilishangaa kwamba hii ndo iliyotupendeza zaidi, kwa sababu ratiba tulikaa tukaiandika: dona Jumanne na Alhamisi, mchicha au matembele kila siku, samaki mara mbili, nyama Jumamosi. Mwenzetu mmoja ana presha, akaomba chumvi ipungue, mama akapunguza na chumvi ikawekwa pembeni kwa anaetaka. Wiki ya kwanza wote tuliongeza. Wiki ya tatu kile kichupa kilikuwa hakiguswi.

Muda na kuharibika. Chakula kinakuja saa saba kikiwa cha moto, wewe kazi yako ni kunawa. Sina cha kuongeza.

Watu. Hapa ndo penye moto. Mmoja hali ngisi, mwingine hataki dagaa mpaka wawe wakavu, kuna ambae Jumatatu hana hela mpaka Jumatano na mnakula nae mkijua hajatoa, afu mshika fedha ndo analaumiwa kwa kila kitu mpaka mawe kwenye maharage. Nilishika hiyo hela wiki saba. Wiki ya nane nikairudisha mezani nikasema jamani mchukue mwingine. Mchango ulidumu miezi minne, ukavunjika kwa ajili ya deni la 6,000. Ofisi ya jirani wao wanao mwaka wa pili huu, na siri yao ni ndogo tu, hela inakatwa siku ya mshahara kabla mtu hajaishika.

Sasa wewe uko wapi

Kama nyumbani kunapikwa usiku kwa ajili ya familia, una friji, na anaepika ni wewe au mmekubaliana kwa roho safi, hotpoti itakulipa kuliko zote. Usianze na siku sita, anza na tatu.

Kama ni bachela wa chumba kimoja Mikanjuni huko, jiko moja, friji hakuna, usijitese na viporo. Kiporo cha wali bila friji kwa joto hili ni kujitafutia tumbo. Kula kwa mama unaemuamini, achana na soda, beba chungwa, ndizi au tango lako toka nyumbani, maji ya kwako. Kwa hesabu yangu ile utakuwa umeokoa 13,000 ya vinywaji bila kushika mwiko.

Dereva wa bajaji au bodaboda ambae saa saba inaweza kumkuta Kange au Raskazone, chombo cha moto cha nini? Chapati, ndizi, karanga, hivyo vinakaa na vinaliwa popote, na siku ukiwa karibu na kijiwe kula sahani.

Mwenye presha au sukari, au anaemlea mwenye presha, chumvi na kiasi cha wali ndo shida kubwa kwake, kwaiyo achague pale anapoweza kuvishika, yaani nyumbani au mchango wenye ratiba. Kwa mama ntilie inawezekana pia ila lazima umzoee kiasi cha kumwambia "mama wali nusu, mboga mara mbili" bila kuona haya.

Mko watano kwenda juu, mnalipwa siku moja, na hamna historia ya kudaiana, jaribuni mchango mwezi mmoja. Mkiwa watatu haulipi, mama hatakubali. Kama kuna mtu kati yenu mnajua kabisa halipagi, msianze.

Wa shifti ndefu, unaetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kula saa nane, hotpoti ya kawaida itakufikisha na vuguvugu, kwaiyo beba vikavu au ule unapofanyia kazi.

Na Ramadhani haya yote yanalala, wengi hatuli mchana na mama wengi wanahamia kwenye futari, kwaiyo kama unataka kununua hotpoti subiri Shawwal, mwezi unaofuata.

Mi saa hizi nimechanganya. Jumatatu mpaka Alhamisi nabeba, na napika mwenyewe, mdogo wangu alishamaliza mitihani na nimemwacha alale. Jumamosi nakula chochote. Ijumaa narudi chini ya mkungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umelisahau likopo lako?"

"Leo nimefata pilau."

"Saa hizi? Haya kaa, imebaki ya chini na ukoko."

Ukoko ndo niliokuwa nautaka.